Kobe Wawili wa Mama Kipchirchir

Kwa miaka ishirini na sita Patroba Osundwa aliogesha ng'ombe wa watu, na hakuna hata mmoja aliyemfia joshoni. Hilo alilisema kanisani, alilisema kwenye mazishi, na alilisema hata kwa mtu aliyekuwa amesimama kumuuliza njia tu. Josho lenyewe lilikuwa huko Lugari, wakati Lugari ikiwa bado Kakamega: shimo refu la saruji lililochimbwa na mzungu mwenye shamba kabla wenyeji hawajagawiwa ardhi. Kila Alhamisi ng'ombe walipangwa mstari, wakasukumwa, wakaruka majini mmoja mmoja. Patroba alisimama ukingoni na mti wake wenye panda. Kila kichwa kilichopita alikisukuma chini kwa ile panda mpaka masikio yazame.

"Utamuua, mzee!" walipiga kelele wale ambao hawakuwa wamezoea.

"Kupe hujificha masikioni," aliwajibu bila kugeuka. "Usipozamisha kichwa, umeosha bure."

Kisha dawa ikakoma kuletwa, josho likakauka, mbwa wakazalia ndani. Patroba akaenda nyumbani na vitu vitatu: ule mti, kikombe cha bati cha kupimia, na debe la dawa lililobaki robo. Watu waliendelea kumwita Daktari. Naye hakuwakataza.

Jirani yake wa ng'ambo ya ua wa michongoma alikuwa Jepkoech, mjane Mnandi, ambaye wote walimwita Mama Kipchirchir kwa jina la mwanawe mkubwa. Waliishi hivyo miaka zaidi ya ishirini, chumvi ikipita uani huku, kaa la moto likipita kule. Yeye Jepkoech alikuwa na kobe wawili. Hakuwanunua wala kuwaokota. Mzungu alipoondoka, mpishi wake alimkabidhi mume wa Jepkoech funguo za ghala, kisha akamwita kando na kumkabidhi na kobe, akamweleza namna wanavyoishi. Dume aliitwa Sajini kwa sababu alikuwa mfupi, mgomvi, na hakuna kiatu alichokiona asikipige kichwa. Jike alikuwa mkubwa kama karai, mwenye gamba la madoa ya manjano na meusi, mpole, mzito. Watoto walimpa jina la Zipora, la bibi mmoja wa kanisani aliyetembea vilevile.

Mwaka wa tisini na mbili nyumba zikaanza kuchomwa kwa ajili ya kabila, za watu hawa na za watu wale. Asubuhi moja Jepkoech alipita penye pengo la ua akisukuma toroli. Ndani ya toroli walikuwamo wale kobe, juu ya nyasi.

"Baba Mideva," alimwambia Patroba, "lori limejaa watu. Siwezi kwenda nao."

"Waache hapa, mama."

"Nisikilize kwanza. Usiwafunge kamba. Mtu asikudanganye utoboe gamba upitishe waya. Gamba ni mfupa, lina uhai. Wape nyasi na majani. Watoto watataka kuwapa ugali, uwafukuze. Maji yawe kwenye sahani ya chini, isiyofika shingoni. Jua la asubuhi lazima. Mvua ikianza uwaingize ndani, ubaridi huwapandia kifuani. Na usiwageuze chali ukawaacha."

"Na wakiugua?"

"Si wewe ndiye daktari?" Jepkoech alijaribu kucheka, kicheko kikakwama njiani. Akaliacha toroli palepale, akaenda zake barabarani na kanga moja mabegani. Mchana wake nyumba yake ikachomwa. Patroba alisimama nyuma ya michongoma akiutazama moshi, kobe wawili wakiwa kitandani mwake chini ya blanketi, na hakutoka. Hilo hakulisema kanisani wala kwenye mazishi.

Basi akawatunza. Aliwazungushia ua wa mawe, mawe ya chini akayafukia kina cha mkono ili wasichimbe wakapita. Akawajengea kibanda cha mabati, akamwaga majivu kukizunguka kuzuia siafu. Awinja, mkewe, alisimama mlangoni mwa jiko lake la nyasi lililovuja, akatazama mabati yakigongelewa.

"Kwa hiyo mimi nikiota gamba utanijengea na mimi?"

"Mama Mideva, hii ni amana."

"Na mimi je? Mimi ulinipata sokoni?"

Lakini Julai ya mwaka wa pili, mvua ilipokazana na Zipora akaanza kutoa mapovu puani, ni Awinja aliyemfunga gunia kavu, akamweka karibu na mafiga kwa siku tisa, akimgeuzia upande wa joto kama anavyogeuza mahindi ya kuchoma. Siku ya kumi Zipora alinyoosha shingo akala majani ya viazi. Awinja akasema hakuna haja ya watu kumwona akilia kwa ajili ya kobe, moshi ni mwingi tu.

Adui wa karibu alikuwa Khisa, mchoma makaa, mtu wa maneno mengi aliyepita hapo kila jioni na baiskeli yake.

"Daktari! Bado unalea kobe wa adui?"

"Kobe hana kabila, Khisa."

"Kabila hana, lakini ana supu."

"Pita na makaa yako."

"Napita. Lakini vijana wa huko juu wanauliza. Wanasema anayefuga mali ya wale anawangoja wale."

Siku hiyohiyo Patroba alihamisha kitanda chake kikawa chini ya dirisha linaloangalia kibanda. Na kweli, mara mbili alikuta mawe yamesukumwa. Mara moja alikuta Sajini ameshatiwa ndani ya gunia lililoachwa kichakani, mzima, akipigapiga kwa kichwa. Alimrudisha, akarudishia na mawe.

Mwezi wa kwanza wa mwaka wa tisini na tano ikaja barua, imeletwa kwa mkono na kondakta wa basi. Awinja ndiye aliyesoma, maana macho ya Patroba yalikuwa yameshaliwa na mvuke wa dawa.

"Baba Mideva, salamu nyingi," Jepkoech aliandika. "Mimi niko kwa Kipchirchir, tunaishi chumba kimoja nyuma ya kiwanda. Nataka kurudi kwangu. Wanangu hawataki. Wanasema majirani ni walewale. Mimi nimewaambia si wote, kuna mtu alipokea kobe wangu siku ambayo hata ndugu hawakupokea watoto. Tumebishana hadi tumekubaliana hivi. Nikiwakuta wote wawili hai, nitarudi kujenga na wao wataleta mabati. Nikimkosa hata mmoja, shamba linauzwa na Lugari sitaitaja tena. Nakuja Jumamosi tarehe ishirini na moja."

Awinja alikunja barua. "Wako wote wawili," alisema taratibu, kama mtu anayeogopa kuwaamsha.

"Wako wote wawili!" Patroba alicheka kwa sauti, akapiga goti lake. Siku hiyo alipita pengo la ua na panga, akafyeka magugu yaliyoota pale ilipokuwa nyumba ya Jepkoech, akafagia jivu la zamani kutoka kwenye msingi. Khisa alisimamisha baiskeli.

"Kwani anarudi?"

"Anarudi."

Khisa alitazama msingi. "Alikuwa akininunulia makaa gunia zima," alisema. "Hakuwa mtu wa kuuliza bei mara mbili." Akaenda zake bila mzaha wowote.

Alhamisi, siku mbili kabla ya Jumamosi yenyewe, Patroba aliwatoa kobe kuwasafisha. Alitaka wakabidhiwe wakiwa wanang'aa. Alimpangusa Sajini gamba kwa kitambaa chenye maji, akamwinua kumtazama chini, na hapo ndipo alipoona. Kwapani, ambapo ngozi ya mguu inakunjana kuingia gambani, kupe walikuwa wamejipanga kama punje kwenye gunzi. Chini ya mkia, vilevile. Akamwinua Zipora: kupe.

Alikaa chini kwenye nyasi. Miaka miwili na zaidi alikuwa amewalinda na mbwa, na siafu, na baridi, na vijana; kumbe kupe, adui wa maisha yake yote, alikuwa amelala naye uani. Mama Kipchirchir atamwinua Sajini, ataona. Atasema, hata mtu wa josho! Na kulikuwa na jambo jingine, zito kuliko aibu. Mnyama hatoki mkononi mwa mtu kwenda mkononi mwa mwingine bila kupita joshoni. Ndiyo sheria aliyoisimamia tangu ujana. Kwa sheria hiyo alikuwa amerudisha watu waliotembeza ng'ombe wao kutwa nzima, mahari ya watu, wakimlaani, na hakuwaachia mpaka walipoosha.

Na siku yenyewe ilikuwa Alhamisi.

Alilitoa debe chini ya kitanda. Alikoroga dawa kwa kijiti, akapima kwa kikombe cha bati, kwa macho yaliyokaribia kugusa ukingo. Alipima kipimo cha ndama mchanga, kisha akakigawa nusu, kisha akafikiri, akaongeza maji karai likajaa. Hakuwa mtu wa pupa. Maji yakawa meupe kama uji mwepesi, na ile harufu ikapanda, harufu ya Alhamisi zote za maisha yake, na kwa mara ya kwanza tangu josho lifungwe alijisikia ana kazi.

Alimtia Sajini. Sajini alipiga makasia kwa miguu yote minne, kichwa kikiwa juu, hasira zake zote usoni. Patroba aliweka vidole viwili nyuma ya kichwa hicho, mahali pa ile panda, akakizamisha, akahesabu hadi kumi. Akakiachia. Akakizamisha tena.

Zipora alikuwa ameshajifungia. Aliingiza kichwa, akafunga mlango kwa miguu ya mbele, na hakuna kugonga wala kubembeleza kulikomtoa. "Sawa, bibi," Patroba alimwambia. "Wewe nitakufuta tu." Akachovya kitambaa, akamfuta miguu ya nyuma na mkia. Kisha akawaweka wote juani wakauke, kama ng'ombe katika uga wa josho. Kupe walianza kudondoka mmoja mmoja. Aliwakanyaga akiimba.

Saa kumi Awinja alirudi kutoka kisimani akamkuta Sajini mdomo wazi. Ute mzito ulikuwa ukining'inia mdomoni hadi chini. Miguu ya mbele ilitetemeka ikachimba hewa, ikatulia, ikatetemeka tena. Shingo ilikuwa imelala kwenye nyasi kama kamba iliyolowa.

"Baba Mideva! Umempa nini huyu?"

"Dawa."

"Dawa ya nani?"

Patroba alikuja mbio, akapiga magoti. Alikigusa kichwa cha Sajini. Hakikurudi ndani. Kwa miaka yote, ukiacha mle karaini leo, hakuna aliyewahi kukigusa kichwa hicho kisirudi ndani.

"Nakuuliza, dawa ya nani?"

"Ya ng'ombe," alisema.

Awinja alichukua ndoo yake ya maji ya kunywa, akaimwaga yote juu ya kobe, akarudi kisimani akikimbia, mwanamke wa miaka sitini. Patroba alipanda baiskeli hadi senta, kwa kijana aliyeuza dawa za mifugo. Kijana alimsikiliza akakuna kichwa.

"Mzee, mimi kobe sikusomea. Lakini hiyo dawa ng'ombe anaihimili kwa sababu ya ngozi yake na ukubwa wake. Kobe pale kwenye mikunjo ngozi ni laini, inanyonya. Na umesema kichwa kilizama?"

"Kilizama."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Kijana alitazama chupa zake kwenye rafu, akazisogeza bila kuwa na haja ya kuzisogeza. "Mwoshe kwa maji mengi. Umweke pakavu, penye joto. Sina kingine."

Wakaosha Ijumaa kutwa. Zipora alikokota miguu ya nyuma kama mlevi, lakini jioni alikunywa maji mwenyewe kwenye sahani. Sajini hakunywa. Jumamosi kulipokucha Awinja aliweka unyoya wa kuku mbele ya pua yake, wakautazama wote wawili, unyoya haukutikisika.

"Sema ni baridi," Awinja alisema.

"Januari hii?"

"Basi sema ni uzee. Baba Mideva, nakuomba. Yule mama anarudi au harudi kwa neno lako moja."

Kabla hajajibu, Khisa aliingia uani akihema, magoti yamejaa tope, gunia mkononi. Habari alikuwa ameipata kisimani.

"Wataanza kusema tumemuua sisi," alisema. "Unajua watasema sisi. Nimetoka mtoni. Nimekuletea mwingine." Akalifungua gunia. Ndani alikuwamo kobe wa majini, bapa kama sahani, wa rangi ya matope, ananuka samaki, anatafuta kuuma.

Patroba alimtazama yule mnyama, akamtazama Khisa. Huyu ndiye mtu wa supu. "Khisa, huyu ni wa maji. Hana hata gamba lililoinuka. Yeye Mama Kipchirchir amemjua Sajini zaidi ya miaka ishirini. Anajua hata kovu la jembe lililo gambani mwake."

"Mpake rangi!"

"Mrudishe alikotoka. Atakufa juani hapa, na mmoja anatosha."

Khisa alilifunga gunia taratibu. "Mimi nilitaka tu arudi," alisema, akaondoka.

Jepkoech alifika saa tano, kwa miguu kutoka stendi, amekonda, ameshika mfuko wa plastiki wenye kabichi mbili. Alisimama kwanza penye pengo la ua, akaona msingi wake umefagiwa, magugu yamefyekwa. Akaweka mkono mdomoni. Alipoingia uani alikuwa akitabasamu na machozi yakimtoka.

"Baba Mideva! Hata umenifagilia?"

"Karibu, mama."

Walisalimiana kwa mikono miwili. Mkono wa Patroba haukutaka kuachia.

"Wako wapi?"

Alimpeleka kibandani. Zipora alikuwa juani, anatafuna jani. Sajini alikuwa kivulini juu ya gunia safi, amefunikwa kitambaa. Jepkoech alikiona kitambaa na tabasamu lake likabaki usoni muda kidogo baada ya kwisha.

"Ni vijana?" aliuliza.

Lilikuwa jibu limepikwa likapakuliwa. Awinja alimkazia macho mumewe kutoka mlangoni mwa jiko.

"Ni mimi," Patroba alisema. "Juzi Alhamisi. Walikuwa na kupe. Nikawaosha kwa dawa ya josho ili nikukabidhi wakiwa safi. Nilipunguza kipimo. Nilimzamisha kichwa. Ni mimi, mama, si mtu mwingine."

Jepkoech aliinama akafunua. Alipitisha kidole kwenye kovu la jembe. Akainua mguu wa mbele wa Sajini, akatazama kwapani, pasafi kabisa, hapana hata kupe mmoja.

"Kupe," alisema. "Nilikuwanga nawatoa kwa kibano. Jumapili baada ya ibada, mmoja mmoja, natia kwenye mkebe wa mafuta taa." Aliushusha mguu wa Sajini. "Siku ile nilikwambia ya jua. Nilikwambia ya maji, ya baridi, ya ugali. Ya kupe nilikuwa nayo mdomoni nikaimeza. Nilijisemea, huyu ni mtu wa josho, nitamfundisha kupe?"

Zipora aliendelea kutafuna, sauti ya jani ikisikika.

"Waambie wanao ni wawili," Awinja alisema ghafla. "Mama Kipchirchir, nakushika miguu. Hawatakuja kuhesabu."

"Watakuja. Kipchirchir atakuja na mabati, kitu cha kwanza atauliza ni Sajini. Alikua naye." Jepkoech aliketi juu ya jiwe la ua. "Nikimwambia ni dawa, atasema ni sumu. Nikimwambia ni wewe, Baba Mideva, atasema, unaona? Hata yule. Nitamweleza mpaka lini? Mimi nakuamini. Lakini mimi siyo ninayeombwa kuamini."

Patroba alikirudisha kitambaa juu ya Sajini.

"Angekuwa ameuawa na vijana," Jepkoech alisema, "labda ningebishana naye tena."

Walimzika Sajini karibu na msingi uliofagiwa, Patroba akachimba kina cha kiuno mbwa wasimfikie. Jepkoech hakulia. Alimwangalia akichimba, na alipomaliza akamwambia aongeze kidogo. Chai hakunywa. Kabichi aliziacha jikoni kwa Awinja.

"Zipora je?" Patroba aliuliza. "Nimfunge gunia?"

"Nimpeleke wapi? Tunakaa kwenye saruji, jua linaingia saa moja kwa siku. Hapo atakufa na yeye." Alitoa pochi ndogo kifuani, akatoa kibano cha chuma, kilichopata kutu kwenye kiungo. Alikuwa amekuja nacho. "Umkamate kupe karibu na ngozi, uvute polepole, usimkamue. Hii sasa nimekwambia."

"Umeniambia, mama."

Kwenye pengo la ua alisimama, akageuka nusu, kama mtu aliyesahau kitu, lakini alikuwa anafunga vizuri kanga yake tu.

Shamba liliuzwa kabla ya mvua za Machi kwa mtu wa mbali aliyetaka kulima mahindi matupu, bila nyumba. Aling'oa ule msingi, akalima juu ya kila kitu, akaziba pengo la ua kwa waya wa seng'enge. Mti wenye panda Patroba aliupasua kuni. Debe la dawa alilizika bondeni mbali na kisima.

Siku za Alhamisi, asubuhi, huketi chini na Zipora katikati ya miguu yake. Macho hayamsaidii, hutafuta kupe kwa ncha ya kidole, akampata, akaleta kibano, akavuta polepole. Huwatia kwenye mkebe. Mideva, binti yao, akija likizo, humwita aketi karibu, amwambie masharti yote tangu mwanzo, maana Zipora atawazika wote: jua, maji, baridi, ugali, kamba. Huanza na kupe.

Akimwachia, Zipora hushika njia yake ileile ya kwenda kwao, hadi penye waya ulioziba pengo. Huusukuma kwa kichwa, hurudi nyuma, huusukuma tena. Patroba humwacha ajaribu kidogo, kisha humwendea kumbeba.